Fundi Mwaikasu na Kitambaa cha Kwenye Msumari

Fundi Anyelwisye Mwaikasu anastaafu leo, Jumamosi tarehe 28 Novemba 1998, baada ya kuitumikia Gereji ya Haruni hapa Msasani, Tukuyu, kwa miaka ishirini na saba na miezi tisa. Nusrat wa ofisini alikuwa ameandika "takribani miaka ishirini na mitano". Nikamwambia afute. Mtu amelala chini ya magari ya watu muda wote huo, halafu umpunguzie miaka miwili kwa sababu mkono umechoka kuandika? Basi karatasi nikaichukua mimi, Bibi Tulia wa jikoni. Nimekuwepo hapa tangu mwaka 1973, na darasa langu la nne linatosha kusema ukweli.

Kwa wageni waliokuja kula pilau bila kumjua mwenye sherehe: Mwaikasu ni fundi wa mabomba ya moshi. Hafungui injini, hapaki rangi, hashoni viti. Kazi yake inaanzia pale moshi unapoiacha injini na inaishia pale unapotokea nyuma ya gari. Anayeona hiyo ni kazi ndogo apande mlima wa kutoka Kyimo na sailensa iliyopasuka, kisha aje tuzungumze.

Alizaliwa Mpuguso, akaja hapa Februari 1971 na msumeno wake wa chuma mkononi. Marehemu Mzee Haruni hakumuuliza cheti. Alimpa kipande cha bomba chenye kutu akamwambia akitie kwenye Landrova kabla ya adhuhuri. Saa tano Landrova ilikuwa imeondoka.

Miaka ile ya shida, spea hazikuwepo hata za kuota. Mwaikasu alitengeneza sailensa kwa mapipa ya mafuta, kwa madebe, kwa chochote kilicholala njiani bila mwenyewe. Lori moja la kubeba majani ya chai alilitilia sailensa ya mtungi wa kuzimia moto uliokwisha dawa. Lori likatembea miaka sita na maandishi mekundu ya "TUMIA WAKATI WA MOTO" chini ya tumbo, na polisi wa barabarani walikuwa wanalisimamisha ili wacheke tu.

Lakini kilichomtofautisha na mafundi wengine ni mchanga. Bomba ukilikunja hivihivi linabonyea pale kwenye kona, na moshi ukibanwa hapo gari linakosa nguvu. Mwaikasu hulijaza mchanga mpaka juu, akaugongagonga ushuke, akaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mbao, kisha akalichoma kwenye mkaa hadi liwe jekundu. Hapo ndipo analikunja, taratibu, bila kupumua. Linapinda bila kukunjamana. Mchanga wenyewe ni ule laini wa ufukweni Matema, na sharti uwe mkavu kabisa. Sasa niambieni, ni kitu gani kinachokauka Tukuyu, mahali ambapo hata chumvi inalia machozi kwenye kopo? Kwa hiyo mchanga ulikaangwa jikoni kwangu, kwenye karai, baada ya chai ya saa nne. Naufunika kwa kifuniko cha sufuria kilichopoa. Kifuniko kikitoka jasho, mchanga bado. Kikibaki kikavu, namwita fundi.

Ezron, ambaye leo mnamwona amevaa tai, alikuja mwaka 1982 na vyeti vitatu vya ufundi. Akaona mambo ya kumsubiri mama wa jikoni ni ushamba. Aliushika mchanga kwa vidole, akaona mkavu, akajaza, akaziba, akachoma. Maji yaliyojificha humo yakageuka mvuke. Kizibo kiliruka kikatoboa sufuria yangu ya maharage, na wafanyakazi kumi na moja wakala ugali kwa chumvi siku ile. Mwaikasu hakumtukana. Alimpa karai akamwambia atakuwa ananikaangia mchanga kwa mwezi mzima. Alikaanga vizuri, sikatai. Tangu hapo hata mwenye gereji haruhusiwi kujaza bomba kabla kifuniko changu hakijasema.

Halafu biashara ikafunguliwa. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kuteremka bandarini na kupanda hadi huku kwetu, maduka yakajaa sailensa zinazong'aa zenye karatasi za nailoni. Zile sailensa nawaambia wazi, mvua mbili tu za Rungwe zinatoboka kama gazeti. Vijana nao wakaleta mpya: sasa walikuwa wanataka gari lisikike. Bomba likatwe, sailensa itolewe, gari lipige kelele kama limeibiwa.

Mzee Haruni alikuwa ameshafariki, na gereji ilikuwa mikononi mwa mwanawe Jumaa. Jumaa si mtu mbaya, yupo hapa mbele yenu na anajua ninalotaka kusema. Ila mwaka 1994 alikuwa na haraka. Karakana mbili mpya zilikuwa zimefunguliwa kule juu, na wateja walikuwa wanahamia huko kukatiwa mabomba kwa nusu saa.

Machi ya mwaka huo akaja Erasto wa Kyimo na pikapu yake ya dizeli, amenunua mwezi uleule. Nyuma alikuwa ameifunga vyuma na turubai, anabeba akina mama na ndizi zao kwenda soko la Mpuguso. Alitaka bomba likatwe katikati, chini ya bodi, ingurume kama alizoziona Mbeya. Mwaikasu aliinama, akatazama, akainuka, akakataa. Alisema moshi ukitokea katikati utapanda, utaingia chini ya turubai, na siku za mvua turubai likishushwa wale akina mama watauvuta wote kutoka Kyimo hadi Mpuguso. Akaahidi kutengeneza bomba refu la kupita juu ya ekseli na kutokea nyuma kabisa, lenye mlio wa kutosha, kwa siku nne. Erasto akasema siku nne ni nyingi, atakwenda kwa wengine.

Jumaa hakutaka aende. Alimwita Mwaikasu ofisini, mlango ukiwa wazi tukasikia sote. Alimwambia mwenye gari ndiye anayejua anachotaka, kazi ya fundi ni kukata. Akampa mpaka Jumamosi. Akate bomba, au achukue sanduku lake la vifaa aende zake.

Miaka ishirini na mitatu ya kazi iliwekwa mezani kwa ajili ya kipande cha bomba. Binti yake Hellen alikuwa kidato cha pili. Mkewe Lusungu alikuja jikoni kwangu akaniomba nimshauri mumewe akate, maana gereji nyingine zingemwona mzee na mkaidi. Nilimshauri. Nilimwambia maneno makali ambayo leo nayaonea aibu, na sina desturi ya kuona aibu. Alinisikiliza, akamaliza chai yake, akasema, "Dada Tulia, mimi nikikata, nitakuwa najua."

Jumamosi alikuja na sanduku la vifaa limeshafungwa kwenye baiskeli. Hakukata. Jumaa akamwambia Ezron akate, na Ezron akakata, kwa nusu saa, bila kumtazama mtu usoni. Erasto akawasha. Pikapu ikanguruma hadi kuku wa jirani wakaingia ndani. Vijana wakapiga makofi.

Mwaikasu alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akaja jikoni kuniomba kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha kwaya nilichokuwa nimekuja nacho kwa ajili ya mazoezi ya jioni. Alikwenda akakifunga nyuma ya pikapu, kwenye chuma cha turubai, pale hasa akina mama wanapoegemeza vichwa. Akashusha turubai pande zote. Akamwomba Erasto afike Kyimo na kurudi, basi, baada ya hapo yeye ataondoka.

Erasto akacheka, akaenda. Huku nyuma Mama Mwanaamina, mama yake Jumaa, akaja kumletea mwanawe chakula kama kawaida yake. Huyu mama anauza vitenge Mpuguso kila siku ya soko, na tangu pikapu ya Erasto ianze safari, ndiyo aliyokuwa anapanda. Akakuta tumesimama uani kama tunasubiri maiti, akauliza, akaelezwa.

Pikapu iliporudi, turubai lilipofunuliwa, moshi ulitoka kama mtu amefungua mlango wa jiko la kuni. Mama Mwanaamina ndiye aliyekifungua kile kitambaa. Kilikuwa na rangi ya matako ya chungu. Alikinusa, akakohoa, akamsogelea mwanawe, wala hakupandisha sauti.

"Jumaa, nyuma ya gari hili huwa naketi mimi. Ulikuwa hujui?"

Jumaa alikwenda kwenye baiskeli ya Mwaikasu, akafungua kamba moja baada ya nyingine kwa mikono yake, akalibeba lile sanduku la vifaa peke yake, zito vile, akalirudisha mahali pake. Kisha akachukua kitambaa changu akakitundika kwenye msumari ukutani, juu ya meza ya fundi. Sikukidai. Vitambaa vya kwaya vinapatikana.

Siku nne zile mvua haikukatika. Nilikaanga makarai manane ya mchanga. Mwaikasu alilikunja bomba mara tatu juu ya ekseli, na kona zote tatu zilitoka laini kama shingo ya mtungi. Sailensa aliitengeneza mwenyewe, bomba lenye matundu ndani ya bomba kubwa, akitoboa matundu machache, akiwasha, akisikiliza, akitoboa mengine. Ilipokamilika, pikapu haikupiga kelele. Ilinguruma chinichini, kama dume la ng'ombe lililoshiba. Erasto alikuwa amenuna siku zote nne, lakini alizunguka gari mara mbili, akakanyaga mafuta, akakanyaga tena, akaanza kucheka peke yake.

Huko Mpuguso wakawa wanaujua mlio ule tangu kwenye kona ya mwisho, wanaanza kufunga ndizi kabla gari halijaonekana. Watu wakaja kutoka Kyela, wakaja kutoka Mbeya, wanataka mlio wa Mwaikasu. Wale wa karakana za nusu saa, mmoja ameshafunga, na mwingine siku hizi anatuletea kona zimshindazo. Kila aliyekuja hapa kutaka bomba likatwe katikati, Mwaikasu hakubishana naye. Alimwonyesha msumari. Wengi walibadili mawazo. Wawili walikwenda kwingine, na hatukuwafuata.

Sasa na mabaya yake niyaseme, maana sifa tupu ni za mazishini. Hakuwahi kuvaa miwani ya kuchomelea mpaka nilipoificha chai yake. Amechoma mashati ambayo Lusungu angeweza kuyafanya pazia la kanisa. Likizo alikuwa anakwenda siku mbili, ya tatu tunamkuta hapa anajifanya amesahau kofia. Na sikio la kushoto amelimaliza kwa kuliweka karibu na mabomba, ingawa nilimkataza miaka kumi na tano. Siku hizi anaweka kiganja kwenye bomba na kuniambia ni tundu lipi limezidi, na huwa kweli. Lakini kiganja si sikio, Mwaikasu, na kukataza kwangu hakukuwa mapambo.

Gereji inampa ng'ombe jike mwenye mimba, tayari yuko Mpuguso anakula majani ya migomba. Kuanzia Jumatatu meza ya fundi ni ya Ezron, aliyejifunza kungoja kifuniko, na ambaye tangu siku ile hajakata bomba bila kulala chini ya gari kwanza kuangalia moshi utapita wapi. Mwaikasu aliniomba ile zawadi nyingine, kitambaa cha kwenye msumari, akakitundike nyumbani kwake. Nimemkatalia. Yeye anakijua tayari. Kinabaki kwa ajili ya wanaokuja.

Kwa niaba ya Jumaa, Mama Mwanaamina, Ezron, Nusrat na wote wa gereji hii, fundi, ndaga fijo, yaani ahsante sana. Uende ukae na Lusungu, ukamchoshe yeye sasa. Ng'ombe wako azae jike, migomba yako isianguke kwa upepo, na Mungu akutunzie hilo sikio moja lililobaki.

Tukishamaliza kula, Erasto anampeleka nyumbani kwa pikapu ileile, bomba lilelile, mwaka wa tano sasa. Mbele wamemwandalia kiti chenye mto. Amekikataa, anasema ataketi nyuma, na mimi namsindikiza. Mvua inakuja, turubai litashushwa. Nimevaa kitambaa kipya cha kwaya, cheupe, nimekifua jana. Mtakaotangulia Mpuguso, mtupokee pale tutakaposhuka, mkitazame.