Jicho la Juu na Shamba la Mama Léontine

Pale Sake, njia ya Masisi inapoachana na ya Minova, kuna benchi mbele ya kibanda cha maharagwe cha Katembo, tunayemwita Kilo. Sisi wa benchi hunywa kahawa na kujua kila kitu. Juzi Mama Léontine, aliyekimbia vita Bihambwe kabla hajapanda, alituletea simu yake. Ndani mlikuwa na picha ya shamba lake iliyopigwa na satelite. Mradi mmoja umemnyima mbegu kwa sababu shamba linaonekana kijani, eti analima. Alitutazama kama watu wenye uwezo wa kumsaidia, na kusema kweli roho ilituuma.

Kilo akasema jicho la satelite ni bovu.

— Haiko bovu, akajibu Grégoire, ambaye ni Ingénieur, yaani mhandisi, kwetu tangu siku alipofungua redio ikaendelea kulia. Mbele ya kuituma kule juu, wanaimulikia na laser. Nguvu ya ile mwanga wanaijua. Jicho ikisoma ingine, wanairekebisha.

— Basi iko sawa na mizani yangu, akasema Kilo. Naweka juu pakiti ya chumvi ya kilo moja, bila kufungua. Mizani ikisema ingine, najua iko na uongo.

— Lakini mizani ikitoka hapa kufika Masisi, barabara imeshaiharibu, akasema Habineza muuza jibini. Mpaka kule juu je? Na moshi ya volcan, ile mlima ya moto, ilishaipaka.

Ingénieur akamkumbusha kwamba moshi si wa kijani. Habineza hakushindwa. Akasema basi ni ng'ombe: wamekula majani mpaka wamekuwa kijani wenyewe, na wamelala shambani kwa mama.

Tulicheka, ila Mama Léontine hakucheka. Alikuwa anaomba tu jicho lile liwe bovu.

Elodie, mgeni kutoka Mweso aliyekuwa akisubiri maharagwe yake, aliomba simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akagusa mistari ya kijani iliyonyooka.

— Majani ya pori haiotake mu mistari, mama. Nani njo analima pale?

Ingénieur akatazama kikombe chake. Kilo akashika pakiti yake ya chumvi bila kuiweka popote. Sisi tunaojua kila kitu tuliinamia kahawa yetu.

Mama Léontine alichukua simu yake, akaifuta kwa kitenge.

— Afazali jicho ingekuwa bovu, akasema.