Ngosa na Amri ya Ziwa

Miaka makumi mbili na mbili citoyen Ngosa Kapya alifundisha Kigiriki mu collège yetu ya Lubumbashi. Alianza Septemba 1967, anaacha tarehe 30 Juni 1989. Citoyen Ngosa njo jina ya serikali; kwetu mu commune ya Ruashi tunamuita na ya ubatizo, Stanislas. Desturi ya hapa, maneno ya kuaga inaandikwa na ule anamujua mustaafu tangu zamani kupita bote. Nani atanipita? Niko Albertine, muuza mikate ya mafuta pa mulango wa collège, na mimi njo nilimuzaa.

Alikuwa na akili mbele ya kuota meno. Akiisha kuwa mwalimu, inspecteur mumoja wa masomo alikuja kumupima, akarudi kwake na daftari imejaa Kigiriki ya mutoto wangu. Banafunzi banasema anafundisha kama muntu anaota: macho ku dirisha, upande wa Pweto, muji wa ziwa Mweru kwenye nilimuzaa.

Siku moja nilikuwa chini ya ile dirisha na beseni yangu. Alikuwa anaeleza neno entolē. Haiko sheria yote ya mu kitabu, alisema, ile banaiita nomos. Entolē iko agizo moja, mukubwa anakupatia weye, unaichunga. Mungu anatoa, mufalme anatoa.

Mwaba, mwanafunzi wa kinywa mingi, akauliza: "Na bazazi, professeur?"

"Na bao. Mu Injili ya Luka, kaka mukubwa ya mutoto mupotevu anaambia baba yake: sikuvunja hata entolē yako moja."

"Na ya mama yako, weye ulivunja?"

Darasa ikacheka. Ye hapana. "Ziwa Mweru ilikamata baba yangu niko na miaka kenda. Mama akaniambia: usirudi kule. Mpaka leo sijarudi. Lakini nikilala, ile maji inakuja."

Mikate ikapoa mu beseni. Ile neno nilisema siku ya kilio, na machozi, nikafikiri ilikufa zamani. Kumbe mutoto iko anaichunga. Benzake bakienda Pweto likizo, ye anaomba tu samaki ya kukauka, na ananusa sana mbele ya kula.

Nilinyamaza, juu ya woga ile maji isimukamate na ye. Leo sinyamaze.

Stanislas, asante kwa bale bote ulifundisha, na kwa mimi. Entolē yangu naitosha leo, haikufungi tena, mbele ya collège yote. Enda Pweto, baba, ujenge, uzeeke muzuri na ile maji mbele ya macho. Nitakufuata na camion ya samaki. Kiti yangu tu, uiweke nyuma ya nyumba, kwenye ile maji haionekane.