Nani Amsaidie Mwenzake?

Basi lilipotoka Igawa, Yunisi alifumba macho aombee safari. Hakufika amina, kwa sababu kwenye kiti cha mbele yake, Rabson, mwanachuo wa ualimu mwenye miaka arobaini na ushee, alikuwa akimwapia mama mmoja asiyemjua kwamba kesho harudi shuleni ng'o.

"Chuo kilinituma niangalie tu, mama. Nikae nyuma, niandike. Mwalimu akauliza hasi mbili mara hasi tatu ni ngapi, darasa kimya. Nikamwonea huruma, nikanyoosha mkono."

"Ukajibu?"

"Hasi sita. Mwalimu, kwa mazoea, akasema, 'Kaa chini. Nani amsaidie mwenzake?' Binti wa darasa la saba akasimama, akasema ni sita, hasi hakuna. Akapigiwa makofi. Kisha akanigeukia: 'Usikate tamaa, babu.'"

Mama alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Na wengine? Baadaye walinyoosha mikono?"

"Wote! Kila swali!"

"Basi umewafundisha, baba. Kesho urudi."

"Wananingoja nikosee tena!"

"Si ukosee tu! Kazi ya ualimu ipo hapo."

"Mama, mke wangu ameshatangaza kanisani kwamba mimi ni mwalimu!"

Basi likasimama Mwanjelwa. Wakashuka wakibishana, mama kamshika mkono kana kwamba anampeleka shuleni mwenyewe. Yunisi akaanza kumwombea Rabson ujasiri, halafu akaacha. Lile swali naye alilijibu kimoyomoyo, hasi sita, na jioni hii katika darasa la watu wazima anakosoma kuna mtihani wa hesabu. Akaanza sala upya, akitanguliza jina lake mwenyewe.