Polycarp Tarimo na Mstari Mwekundu wa Mtaa wa Swahili

Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Polycarp Tarsis Tarimo aliandika mstari mmoja kwa wino mwekundu katika kitabu cha ajali cha kituo cha huduma ya kwanza cha Mtaa wa Swahili, Kariakoo: "Nasor bin Hashil, miaka 24. Mgongo. Nimemwinua vibaya. Kosa langu." Kitabu kipo kituoni na yeyote anaweza kukifungua. Marehemu Polycarp aliagiza mstari huo usomwe leo mazikoni, kabla ya tarehe yake ya kuzaliwa, na agizo lake limefuatwa.

Alizaliwa Mkuu, Rombo, tarehe 26 Januari 1912, mtoto wa pili wa Mzee Tarsis Tarimo na Mama Filomena. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Polycarp, kwa hiyo jina halikuhitaji mjadala. Alisoma shule ya misheni ya Mkuu kuanzia 1921 hadi 1928. Dada yake, Mektilda, anamkumbuka kuwa hodari wa hesabu na mbovu wa kuimba. Anakumbuka pia mbuzi wa jirani aliyevunjika mguu, ambaye Polycarp alimfunga kwa vijiti viwili na kamba ya mgomba, na mbuzi akapona. Mwaka 1930 alianza mafunzo ya udresa, kazi ya kufunga vidonda na kuhudumia majeruhi, mjini Moshi, akahitimu mwaka 1933.

Tarehe 6 Novemba 1937 alifunga ndoa na Severa Kimaro katika kanisa la Mkuu. Mama Severa hajaacha kuisimulia siku hiyo. "Padri anasoma, mimi natetemeka. Polycarp akanishika mkono, nikasema moyoni, huyu mwanamume ananipenda kweli. Kumbe ananipima mapigo! Akaninong'oneza, 'Mia moja na nne. Vuta pumzi taratibu.'" Walijaliwa watoto watatu.

Kuanzia 1940 hadi 1945 alikuwa dresa katika Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kwanza Uhabeshi, kisha Burma. Huko ndiko alikojifunza kwamba mtu aliyeumia mgongo haketishwi wala havutwi kwapani. Anaachwa alipolala mpaka ubao ufike, hata kama risasi zinalia. Sheria hiyo hakuna mtu Dar es Salaam aliyeijua kuliko yeye.

Kituo cha Mtaa wa Swahili alikifungua Jumatatu, tarehe 2 Februari 1948, katika chumba kilichotolewa na wafanyabiashara wa soko. Motokaa ya wagonjwa haikuweza kupenya Mtaa wa Kongo kati ya mikokoteni na matenga ya nyanya, hivyo ilisubiri Mnazi Mmoja. Majeruhi walifikishwa hapo kwa machela, na wabebaji walikuwa mahamali wa sokoni, waliofundishwa na marehemu wakati wa mapumziko yao ya mchana.

Asubuhi ile ya Machi 1951, lori lililotoka bandarini lilikuwa likishusha mchele mbele ya duka la Mzee Hashil, Mtaa wa Msimbazi. Magunia yakaporomoka na kumwangukia mwanawe, Nasor. Machela ilikuwa imekwenda na mgonjwa mwingine. Watu walikuwa wengi, na wote walipiga kelele: "Mpakieni kwenye mkokoteni! Anakufa huyo!" Marehemu alimshika Nasor kwapani, akamketisha, akampakia. Nasor hakutembea tena. Daktari aliyempokea alisema huenda miguu ilikuwa imekwisha kupotea tangu magunia yalipoanguka. Marehemu hakuikubali faraja hiyo. "Daktari hakuwepo," alisema. "Mimi najua nilivyomwinua."

Uchagani, aliyekosa humpelekea aliyemkosea tawi la isale, mmea unaopandwa mipakani mwa mashamba. Likishapokelewa, ombi la msamaha limepokelewa. Marehemu aliagiza tawi kutoka Rombo kwa mfanyabiashara wa ndizi, akalipeleka nyumbani kwa Mzee Hashil amelishika kwa mikono miwili. Bi Hind, mama yake Nasor, hakuwa amewahi kuliona jani hilo maishani mwake. Alilipokea kwa heshima ya mgeni, kisha akamwambia binti yake Badriya, "Mgonjwa analetewa maziwa, analetewa mayai. Huyu dresa katuletea majani. Kwani tuna mbuzi?" Akalitia kwenye kopo la maji uani.

Marehemu alirudi wiki iliyofuata na uso wa mtu aliyesamehewa. Nasor, kitandani, akamtazama.

"Unafurahia nini, Dresa?"

Marehemu akamweleza maana ya isale. Nasor alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hatuijui sheria hiyo ya majani," akasema. "Sijakusamehe. Lakini wewe unafundisha watu, siyo? Basi kila unayemfundisha anibebe mimi kwanza. Akiweza kunibeba mimi nisiumie, mpe machela. Asipoweza, arudi kwenye magunia yake."

Tangu Agosti 1951 huo ndio ulikuwa mtihani. Mwanafunzi alimbeba Nasor kwa machela kutoka kituoni hadi Mnazi Mmoja, marehemu akishika upande wa pili, akipita Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi, soko limefurika. Nasor alisahihisha akiwa amelala chali. "Kulia kumeshuka. Wewe, umebeba mtu au umebeba viazi?" Wauzaji nao hawakukosa neno. "Jamani, sultani anapita!" alisema mmoja. Nasor akamjibu, "Sultani gani anayebebwa na Mchaga? Angeshauzwa zamani." Marehemu alicheka kuliko wote. Wanafunzi waliofaulu mtihani huo ni thelathini na mmoja.

Mwezi Desemba 1956 wafanyabiashara wa soko walimpa marehemu cheti cha heshima kwa uhodari na malezi ya wanafunzi. Alikitazama, akasema, "Hiki kina jina moja. Naomba mnivumilie nitaje mengine." Akayataja yote bila karatasi. La kwanza lilikuwa la Nasor.

Mwezi Mei 1958 madaktari walimwambia kwamba moyo wake umechoka. Mwezi uliofuata ikaja barua rasmi: kituo kisicho na msimamizi mwenye cheti kingefungwa tarehe 30 Septemba. Mahamali wengi walibeba vizuri lakini hawakutaka mtihani wa kuandika. Aliyejitokeza alikuwa Kijakazi binti Feruzi, muuza vitumbua wa Mtaa wa Sikukuu, aliyejifunza kusoma kituoni hapo akiwa na miaka thelathini, na aliyeshindwa mara mbili mtihani wa Nasor kabla ya kufaulu. Baadhi ya watu walimwambia marehemu waziwazi kwamba mahamali hawataamrishwa na mwanamke. Aliwajibu, "Wataamrishwa na anayejua."

Mtihani wa kuandika Kijakazi alifaulu Agosti. Wa vitendo ulifanyika Jumatatu, tarehe 22 Septemba, mbele ya duka lile lile la Mtaa wa Msimbazi, na msahihishaji alitoka nje ya Kariakoo. Nasor alilala chini. Marehemu aliletwa kwa kiti. Machela haikuwepo, marehemu alikuwa ameificha. Alikuwa pia amewaomba mahamali ishirini wapige kelele kama zilivyopigwa mwaka 1951, na wakapiga kwa moyo wote: "Mpakie kwenye mkokoteni, mama! Mtu anakufa! Unangoja nini?"

Kijakazi alipiga magoti. Hakumgusa Nasor kwapani. Alimnyooshea kidole aliyepiga kelele kuliko wote. "Wewe mwenye sauti. Njoo ushike kichwa chake hivi, usikisogeze hata kidogo." Yule hamali akaja, akashika, akanyamaza. Kijakazi akamwelekea wa pili. "Wewe, mlango wa duka ule hauna bawaba, utoe ulete." Wa tatu akatumwa Mnazi Mmoja kuita motokaa. Nasor akapandishwa juu ya mlango na watu wanne kwa hesabu moja, akabebwa mpaka Mnazi Mmoja, na njia nzima hakusema neno. Alipotuliwa alisema, "Sina la kusahihisha." Kisha akamgeukia marehemu. "Na wewe, Mzee Polycarp, lile deni la majani limekwisha. Nenda kapumzike."

Marehemu aliomba kitabu cha ajali. Chini ya mstari mwekundu wa mwaka 1951, palipokuwa na nafasi, aliandika kwa wino wa kawaida: "22 Septemba 1958. Nasor bin Hashil. Mgongo. Kijakazi amembeba. Sawa." Cheti cha msimamizi kilifika tarehe 27. Kituo hakikufungwa.

Alifariki nyumbani kwake Ilala, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1958, saa kumi na moja na robo alfajiri, Mama Severa akiwa amemshika mkono. Ndugu waliotoka Rombo walitaka azikwe kihambani, katika shamba la ukoo, na walikuwa na haki ya kutaka. Yeye aliomba azikwe mahali ambapo wanafunzi wake wanaweza kumfikisha kwa miguu. Ndugu wamekubali, nao wameleta udongo wa Mkuu.

Ameacha mjane, Mama Severa, watoto Kasmir, Candida na Theophil, mjukuu mmoja, dada yake Mektilda, na wabebaji thelathini na mmoja, ambao wameomba wahesabiwe hapa, na familia imekubali. Mungu ampumzishe kwa utulivu ule aliowatafutia wengine barabarani.

Jeneza litabebwa na sita kati ya wanafunzi wake, Nasor akiwa mbele katika kiti chake cha magurudumu. Lile tawi la isale, ambalo Bi Hind alilitia kwenye kopo, lilitoa mizizi. Sasa linamfikia mtu kiunoni. Baada ya sala ya mwisho, Nasor atalipanda upande wa kichwa cha kaburi. Zamu ya mchana katika Mtaa wa Swahili inaanza saa nane, chini ya Kijakazi binti Feruzi.