Mfinyanzi wa Chumba cha Pili

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Makumbusho yetu, waheshimiwa wajumbe wa bodi, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mama yangu mzazi, ambaye itifaki imekuweka mwisho lakini mimi nimehakikisha umekaa kiti cha mbele: nawasalimu nyote.

Nimefuta vumbi katika jengo hili miaka ishirini na saba. Nilipoanza, paa lilivuja, na mvua ikinyesha tulikimbizana na ndoo kati ya vinyago, mkurugenzi wa wakati ule akiwa mbele yetu, suruali ameikunja hadi magotini. Naikumbuka sana miaka ile. Tulikuwa wachache, tulitaniana kutwa, na kila ngoma na kila mkeka tulivijua kama mtu anavyojua vyombo vya jikoni kwake.

Siku ya kwanza nilipewa glavu nyeupe nikaambiwa, "Dada, hapa hakishikwi kitu kwa mkono mtupu." Nikatii. Nani kati yetu hakutii? Kumbe glavu hizo ndizo zilizonifumba macho. Kile chungu kikubwa cha chumba cha pili nilikifuta miaka kumi na sita, kibao chake kikisema, "Mfinyanzi hajulikani." Siku moja glavu zote zilikuwa zimefuliwa, hazijakauka. Unisamehe, Mheshimiwa, nilikishika hivyo hivyo. Vidole vikakuta vishimo vitatu vya kucha chini ya ukingo, cha katikati kimepinda. Nilikaa sakafuni nikalia. Kila chungu tulichopikia nyumbani kwetu kilikuwa na vishimo hivyo, maana mama yangu ana ukucha uliopinda tangu utotoni.

Nilikwenda ofisini. Nikajibiwa kwa upole, "Mama, ushahidi uko wapi?" Nikamwomba mama yangu mwenyewe aje. Mnajua alisemaje? "Mwanangu, vyungu nimeviangalia maisha yangu yote. Nifunge safari tena kwenda kuangalia chungu?" Miaka kumi na moja amenikatalia. Leo amekuja kwa sababu aliambiwa kuna keki.

Asubuhi, kabla hamjafika, nilimwingiza chumba cha pili. Mlinzi ni shahidi, ingawa aliangalia pembeni kwa adabu. Mama alipitisha vidole chini ya ukingo, na vyote vitatu vikakaa mahali pake. Akasema polepole, "Hiki nilikifinyanga nikiwa na mimba yako. Nilidhani kilishavunjika zamani."

Zawadi mliyoniandalia naipokea kwa moyo wote. Lakini mkiniaga na kibao kile kikabaki kama kilivyo, nitaondoka hapa na donge rohoni. Nawashukuru, ndugu zangu, kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa Mkurugenzi, mfinyanzi wako asiyejulikana ni yule pale mwenye kilemba cha kijani. Ana miaka themanini na minne, na sidhani kama atakuja mara ya pili. Tafadhali, nenda ukamwulize jina lake.