Mwandishi Akae Nje: Kumuaga Mwalimu Dorotea Mayala

Ifikapo tarehe 30 Juni 1999, Mwalimu Dorotea Mayala atastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha uandishi. Alianza chuo kingali cha makarani na anakiacha kikiwa chuo kikuu.

Mwanzoni alifundisha barua za kiofisi na kumbukumbu za vikao. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa na viwanda vya minofu ya samaki kufunguliwa ziwani, waajiri walitaka watu wa kuandika maelekezo ya mashine, na magazeti mapya yalitaka hadithi. Akaongeza yote mawili bila kuongezewa chumba.

Sheria yake ilikuwa moja. Kazi inaposomwa, aliyeiandika anatoka nje na mlango unafungwa, maana msomaji hataenda na mwandishi nyumbani. Elias Nkwabi, leo mhariri hapa mjini, aliwahi kuandika namna ya kuwasha jiko la mchina akasahau kutaja mafuta ya taa. Alisimama koridoni akisikia wenzake wakimaliza kiberiti kizima, naye haruhusiwi kusema neno. Waliotunga vichekesho waliteseka zaidi. Walitega sikio mlangoni, na ndani kimya.

Mwaka jana, katika kubana matumizi, uongozi uliamua somo lifungwe akiondoka, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulifundisha. Mwalimu alisema wazi kwamba imemuuma. Kisha akaomba aandike mwongozo wa somo, na uongozi wenyewe umchague wa kuujaribu. Wakamteua Farouk Mbaruku wa idara ya hesabu. Sisi tunaozijua barua za Farouk tulikata tamaa.

Siku ya jaribio mkuu wa kitivo alikaa kiti cha nyuma. Mwalimu akabaki koridoni, kama sheria inavyotaka. Baada ya muda mfupi Farouk alifungua mlango na kwa kubabaika akamwamkia shikamoo ya pili siku hiyo. Mwalimu aliitikia marahaba, akamwonyesha mwongozo ambao Farouk mwenyewe alikuwa ameushika mkononi, akamrudisha ndani. Mlango haukufunguliwa tena. Katikati ya kipindi darasa zima likacheka, pale pale kwenye mwongozo Mwalimu alipokuwa ameandika kichekesho. Mwalimu Dorotea alitoa leso akafuta machozi, na hakujificha.

Somo litaendelea Septemba, chini ya Farouk.

Tunakushukuru, Mwalimu. Kapumzike nyumbani Usagara kwa afya na furaha. Mlango tumeshaufunga, na huku ndani tunasoma.