Umati wa Mtu Mmoja

Jua la mwisho wa Januari kule milimani, karibu na mpaka wa Uhispania, halikai sana, na likitoka huanzia kwenye ukuta wa mkahawa wa Lucinda. Ndiyo maana benchi la mbao liko pale, na ndiyo maana kila asubuhi wazee wanne hulikalia kama kuku kwenye kichanja. Asubuhi hiyo walibanana zaidi, maana katikati yao palikuwa na kitu kigeni: droni ya kijivu yenye kamera, ndogo kama kiganja, ambayo Belmiro, mmoja wao, aliifunika kwa leso isishikwe na baridi. Ilitumwa na dada yake Deolinda, aliyehamia Luxemburg tangu usichana. Alikuwa amevunjika nyonga, na kwa mara ya kwanza hangerudi kijijini kwenye sikukuu ya Bikira wa Mishumaa. Ombi lake lilikuwa moja tu: amwone Bikira, ile sanamu ya kanisani, akipitishwa kwenye chemchemi, mbele ya nyumba waliyozaliwa. Sikukuu ilikuwa Jumapili. Kwa bahati mbaya, Agostinho, aliyekuwa askari wa mpakani na mpaka leo akiitwa Forodha, alikuwa amesoma kanuni za kurusha droni.

— Hairuki hiyo, alisema Forodha.

— Kwa nini? aliuliza Belmiro. Nimejiandikisha, na namba yangu nimeibandika tumboni mwake. Unataka na cheti cha ubatizo?

— Kuirusha ruksa. Kuirusha juu ya umati, hapana. Na maandamano ya Bikira ni nini, kama si umati?

— Umati! alicheka Zeferino, ambaye wote humwita Goti, kwa sababu habari za goti lake huzitangaza kila siku kama za hali ya hewa. Kijiji hiki chote hatujazi basi moja!

— Kanuni haihesabu vichwa, ndugu yangu. Umati ni watu waliosongamana hata hawawezi kusogea kitu kikidondoka.

Goti akaunyoosha mguu wake polepole, akautazama.

— Hawawezi kusogea?

— Hawawezi kukwepa, hawawezi kukimbia.

— Basi mimi peke yangu ni umati.

Belmiro alicheka, lakini moyoni alihesabu. Mjane wa Abílio na fimbo zake mbili, umati. Wale dada wawili wakongwe wa kinuni, umati. Kwa hesabu hiyo, kijijini hapakuwa na mahali pa kurusha hata njiwa.

— Sikilizeni, alisema Goti, ambaye sasa alikuwa amenogewa. Tuachane hatua kumi kumi. Hakuna msongamano, hakuna umati.

— Wa mbele atafika Uhispania, wa mwisho bado anatoka kanisani, alisema Forodha.

— Basi Belmiro aseme ni kazi. Deolinda amtumie chokoleti, iwe biashara.

— Siku hizi hawaulizi kama umelipwa, alisema Forodha kwa masikitiko ya mtu aliyependa sana kuuliza. Burudani au biashara, sheria ni ile ile.

Hapo Herminio akakohoa. Wenzake humwita Barua, kwa kuwa neno lake huchelewa kufika. Wote walingoja.

— Watu wabaki kanisani, alisema.

— Halafu?

Barua akanywa kahawa kwanza.

— Bikira apite peke yake. Barabara tupu. Umati uko wapi?

Forodha akavua kofia, kama anayemheshimu mtu aliyepiga hatua kubwa.

— Yaani mwaka huu, alisema Belmiro, Bikira aende matembezi, na sisi tukae ndani tumsubiri?

— Kama mama yeyote mwenye watoto wakubwa, alisema Goti.

Wakati huo Padri Calisto alikuwa anaegesha gari lake. Ana mwezi mmoja tu hapo, na parokia tano mikononi, hivyo kahawa huinywa akiwa amesimama. Wakamweleza yote, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Dada yako ameomba kuona vichwa vyetu kutoka juu?

— Hapana, Padri. Ameomba kumwona Bikira kwenye chemchemi.

— Si droni isimame pembeni basi, juu ya shamba lile la karibu na chemchemi?

— Shamba ni langu, alisema Barua, haraka kuliko alivyowahi kusema lolote. Nina kabeji.

— Kabeji si umati, alisema Forodha, ingawa kwa mashaka.

Belmiro akahisi kifua kinafunguka. Tayari alimwona Deolinda kitandani, simu mkononi, akitafuta dirisha la jikoni lao.

— Vizuri, alisema Padri. Na machela ya Bikira wanabeba akina nani?

Wazee wakaanza kuhesabiana. Machela huhitaji wabebaji wanne. Mwaka jana Abílio alikuwa wa akiba. Mwaka huu yuko makaburini. Wanaume wa kubeba walikuwa wale wanne wa benchi, na anayerusha droni haruhusiwi kuiondolea macho: walibaki watatu.

Belmiro akairudisha leso juu ya droni, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

— Nitamwambia kamera iliharibika, alisema.

— Mabega haya ni ya kuanikia nguo? Lucinda alikuwa mlangoni, na mtungi wa gesi begani.

— Lucinda, mama, alisema Forodha kwa upole, tangu enzi za babu zetu mwanamke hajawahi kushika machela.

— Na droni, ilishawahi kuwemo?

Walimtazama Padri. Padri akatazama kahawa yake, ambayo ilikuwa imeisha.

— Belmiro, toka hapo, alisema Lucinda, akitua mtungi. Nyinyi watatu, inukeni. Tushike benchi.

— Droni iko juu yake!

— Ndiyo Bikira wetu wa leo. Moja, mbili!

Benchi likanyanyuka. Liliinama upande wa Goti, likayumba, kisha likatulia sawasawa kwenye mabega manne. Belmiro alirudi nyuma hatua kadhaa, akatoa simu, akaanza kumpigia picha dada yake. Hakupepesa jicho.

— Forodha, aliita Goti, akihema. Ikidondoka, mimi sisogei.

— Najua, alisema Forodha. Tembea hivyo hivyo, umati wangu.